Sanduku Alilolikataa Bapa

Kumbikumbi hawatokagi tu kwa sababu mtu ana njaa. Nyanya yangu alikuwa anajua kuwadanganya. Alikuwa na kichuguu chake nyuma ya migomba, na siku ambayo jua limewaka vizuri na mvua haipo hata kidogo, alikifunika kwa vijiti na blanketi kuukuu, akaacha mlango mdogo upande mmoja na kuchimba shimo mbele yake. Halafu tulikaa chini, tukapiga vijiti juu ya kipande cha ubao, polepole, ta-ta-ta, kama matone yanayoanza. Wale wadudu chini huko wanasikia mvua. Wanatoka wamevaa mabawa yao kama watu wa harusi, wanaangukia shimoni, na jioni sisi tunakula tsiswa, ndio hao kumbikumbi, na obusuma, ugali wetu. Nilimuuliza nyanya kama si dhambi kumdanganya mdudu. Aliniambia anayewaleta ni Were, Mungu wetu wa kale, yeye anapiga ubao tu. Sasa huyu nyanya alikuwa Mkristo, kanisani alikaa benchi la mbele, lakini mambo ya kumbikumbi aliyaacha kwa Were, na sikuwahi kuona hao wawili wakigombana ndani yake.

Mchwa ndiye mamake kumbikumbi, na mchwa ndiye aliyenifundisha mbao. Nilisoma mpaka darasa la tatu, hilo silifichi, lakini kabla sijaota ndevu nilijua mti ambao mchwa anauonja na kuuacha, na ule anaoula mpaka mlango unabaki rangi tupu. Ndiyo maana nilipofika mjini Kakamega kutafuta kazi, nikaingia karakana iliyokuwa nyuma ya soko, mwenye karakana hakuniuliza cheti. Alinitupia kipande cha ubao. Nikakinusa, nikasema mvule. Akanitupia kingine. Nikasema huu usinunue tena, ulikatwa ukiwa mbichi. Akacheka, akanionyesha meza yangu. Huyo alikuwa Jivan, Mhindi mzee, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Ninayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Juma kule Mumias. Juma na mimi tulikuwa meza moja katika karakana hiyo, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Alikufa alfajiri, na simu iliponifikia hapa Chekalini nilikimbia, kwa sababu najua Waislamu hawangoji. Nilifika wakimswalia. Saa nane alikuwa ameshalala ardhini katika sanda nyeupe, na wale wa upande wa mkewe, ambao ni Wakristo, walikuwa wananung'unika chini ya hema kwamba mtu amefukiwa haraka namna hii hata shemeji zake wa Butere hawajafika. Sikunung'unika. Nilikuwa nafikiria kwamba Juma alitengeneza masanduku ya maiti maisha yake yote, na yeye mwenyewe hakulala katika hata moja. Nilipokuwa naondoka, mwanawe mkubwa akanifuata na kitu kimefungwa kwa kitambaa. "Salaam aleikum, mzee. Baba alisema hii ni yako, nisiiuze." Nikafungua. Ilikuwa randa, mti wake mweusi kwa jasho, na ubavuni M niliyoichonga kwa patasi, M ya Makokha, jina langu, imepinda mguu mmoja. Sikuwa nimeiona tangu mwaka ule nilipotoka karakana.

Karakana yetu ilitengeneza milango, viti vya kanisa, na masanduku ya maiti. Masanduku ndiyo yaliyoilisha. Na angalia jambo hili, maana lilinichukua miezi kulitambua: sisi watatu tulioyatengeneza, mtu wa kulala ndani yake nilikuwa mimi peke yangu. Juma watamfunga sanda. Mhindi watamchoma. Juma alinichekea sana siku nilipolisema kwa sauti. Akasema basi yale mazuri nijiwekee.

Tulimwita Jivan Bapa, yaani baba, kwa sababu hivyo ndivyo mwanawe alivyomwita kabla hajaenda ng'ambo, na kwa sisi tuliozoea kusema papa nyumbani haikuwa kazi kwa ulimi. Mke wake alikuwa amefariki. Aliishi chumba cha nyuma ya karakana, kitanda kimoja, jiko la mafuta, na kwenye kona kabati dogo ambalo alilitengeneza mwenyewe, milango yake miwili imechongwa maua. Humo ndani ilikaa miungu yake. Asubuhi alioga kwa maji baridi, akachukua kikopo cha shaba, akatoka uani, akalimwagia jua maji taratibu huku anasema maneno. Mara ya kwanza nilisimama na msumeno mkononi nikashindwa kukata. Babu yangu alikuwa anafanya vile vile, ila yeye hakuwa na kikopo. Alitoka nje alfajiri, akatema mate kidogo kuelekea mashariki, akamwomba Were aamshe watu wake vizuri. Nilipomwambia Bapa, alitaka nieleze kila kitu, babu alisimama wapi, alivaa nini. Akasema basi mimi na yeye tumesoma shule moja, ila darasa tofauti. Juma alikuwa hapo anatandika mkeka wake, ameelekea kaskazini. Akasema nyinyi endeleeni kuangalia jua, mimi namwangalia aliyeliwasha.

Namna hiyo tuliongea mwaka mzima, hasa saa ya kula. Bapa alipika mwenyewe, dengu, wali, chapati nyembamba ambazo unaona mwanga upande wa pili, na samli juu yake. Nyama hapana, yai hapana. Tuliacha viatu mlangoni, Juma akasema ni kama msikiti, mimi nikasema kanisani kwetu tunaingia na viatu na matope yake. Sisi ni wa kanisa la Friends, wale Waquaker, tuna wakati wetu wa kukaa kimya kabisa, ukuta hauna kitu, unasikia tumbo la jirani. Bapa aliipenda sana habari hiyo ya kimya. Mimi mdomo wangu haukuwa na breki, nikamuuliza waziwazi mbona yeye anaabudu sanamu na ana akili hivi. Juma alitazama sahani yake. Bapa hakukasirika. Aliniuliza, nikitaka kutengeneza mlango, nafanya nini kwanza. Nikasema nauchora kwenye ubao. Akauliza, kuna mtu anaweza kuingilia mlango wa penseli? Nikasema hapana. "Lakini bila kuchora, wewe takata vibaya," akasema. "Mungu kubwa sana. Mimi nachora kwanza." Kiswahili chake kilikuwa hicho cha nyuma ya kaunta, na changu cha wakati ule hakikumzidi sana.

Nilitaka kujua nani alianzisha dini yao. Sisi tuna Yesu na mwaka wetu wa kuhesabia, Juma ana Mtume na mwaka wake. Bapa alisema yao haina mtu aliyeianzisha, hakuna siku ya kwanza. Hata jina Hindu hawakujipa. Kulikuwa na mto mkubwa, na watu wa ng'ambo waliwaita kwa jina la mto, jina likawaganda. Nikacheka, kwa sababu hata sisi hili jina la Waluhya si la zamani, wazee wetu walijiita Waisukha, Wawanga, kila mtu na kilima chake, na wageni wakatuita walivyotaka. Alipoeleza habari ya kuzaliwa tena, Juma alitikisa kichwa, akasema mtu anakufa mara moja na kungoja hukumu. Lakini mimi nilikumbuka dada yangu mdogo alivyolia siku nne bila kunyonya, mpaka wakaanza kumtajia majina ya waliokufa, mmoja mmoja, na lilipofika la shangazi fulani akanyamaza na kushika titi. Kanisani tunasema hatuamini mambo hayo. Nyumbani tunampa mtoto jina. Na ile hesabu yao ya matendo Bapa alinieleza kwa mbao: ukiranda ubao mbichi leo, mwakani mlango utapinda, na hakuna mtu aliyekuadhibu, ni ubao tu umekumbuka. Nikasema kwetu Yesu ataunyoosha. Juma akasema ulikuwa umeandikiwa kupinda. Bapa akatuongezea dengu sote wawili.

Halafu akaanza kukohoa. Sikutilia maanani, maana kila fundi anakohoa vumbi. Lakini nguo zilianza kuwa kubwa kwake, na ikafika asubuhi akatoka na kikopo cha shaba akakaa chini kabla hajamwaga maji. Nilimpelekea mama yangu habari, naye akafanya lile ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya kwa mkubwa anayeumwa. Alitoka kwake karibu na Sigalagala na jogoo mwekundu kwapani, akaja mpaka karakana, akampa Bapa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba mzee hali nyama. Kwetu hakuna heshima inayopita ingokho, yaani kuku. Bapa alimpokea, akamshika vibaya kama mtoto wa mtu mwingine, akamshukuru mama mpaka akakohoa. Mama alingoja kuona maji yakitengwa motoni. Hayakutengwa. Aliondoka amekunja uso, akaniambia barabarani kwamba Mhindi wangu amemdharau. Yule jogoo alikaa. Bapa alimpa mchele kila siku kwa mkono wake, na akawa analala juu ya mbao za mvule na kutuharibia kazi.

Sasa kosa letu. Mimi na Juma tulikaa tukaona kwamba huyu mzee anakwenda, na sisi ni mafundi, na mtu mwema haendi mikono mitupu. Yeye Juma alijua zaidi yangu kwamba Wahindi wanachoma, lakini tulijiambia labda wanachoma na sanduku lake, au labda atabadilisha mawazo akiona kazi ilivyo nzuri. Mtu akipenda anakuwa mjinga hivyo. Wiki tatu, kila alipolala mchana, tulitengeneza sanduku la mvule kavu, pembe zimeshikana kama vidole bila msumari hata mmoja, na kwenye kifuniko nikachonga yale maua ya kabati la miungu yake. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho, wala kabla wala baadaye. Tukamwita. Alilizunguka akipapasa pembe kwa kidole gumba, kama alivyokagua kazi zote. Tulingoja. Akaomba tumsaidie aingie. Tukamlaza ndani, akakunja mikono, akafumba macho, na mimi nikaanza kulia, ndiyo, nililia. Akafungua jicho moja. "Kazi safi," akasema. "Lakini giza. Mimi napenda jua." Akacheka mpaka tukamtoa kwa kumbeba.

Jioni hiyo alinifanya nikae kitandani kwake. Alisema sanduku lile lisiuzwe. Siku yake ikifika, tulivunje, mbao zake ziwekwe pamoja na kuni, mvule ukikauka unawaka vizuri na huo ndio uzuri atakaokwenda nao. Halafu akanieleza lililokuwa linamkosesha usingizi. Moto wa baba unawashwa na mwana. Si ndugu tu, si kasisi, mwana. Telegramu ilikuwa imepelekwa ng'ambo na jibu likaja kwamba mwanawe anatafuta njia, na Bapa alijua njia hiyo ni ndefu kuliko pumzi aliyobaki nayo. Wahindi wengi wa mji walikuwa wameshahama. Kasisi angekuja kutoka Kisumu, lakini mkono wa kushika moto haukuwepo. Alinitazama juu ya miwani. "Wewe taleta moto, Makokha?"

Nilimwambia kwanza nimwone mama. Nataka msomaji anielewe hapa. Kwetu mtu akifa anakaa nyumbani, analiliwa, anasubiriwa hata na yule aliye mbali zaidi, na anazikwa kando ya mlango wake ili watoto wachezee hapo. Anayechomwa ni mchawi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, nikiwa mdogo, moshi wa nyumba ya mtu, na sikutaka kusema zaidi ya hapo wakati ule na sitaki sasa. Nilikwenda nyumbani Jumamosi nikamwambia mama. Aliacha kupepeta. "Watu watauliza mwanangu amefanya nini huko mjini," akasema. "Nitawaambia amewasha moto chini ya mzee wa watu?" Nikamweleza kuhusu mwana aliye ng'ambo. Akasema basi wamngoje, mtu hazikwi bila kifungua mimba wake. Nikasema dini yao haingoji, ni kabla jua halijatua. Akasema basi amchukue Juma wake yule, afanye yeye. Juma nilikuwa nimeshamuuliza. Alisema atapasua kila ukuni, atabeba, atasimama hapo, lakini moto wenyewe mkono wake hauwezi, na machozi yalikuwa yanamtoka akisema hivyo.

Jumatatu mama alikuja karakana bila kuniambia. Nadhani alikuja kumkataza Bapa mwenyewe. Bapa alikuwa uani kwenye kiti, jua limempata magotini, na yule jogoo amesimama juu ya paja lake anadonoa mchele kwenye kiganja. Amenona, mkia unang'aa. Mama alisimama. Akauliza kama huyo ni wake. Nikasema ndiye. Nikamwambia sasa lile nililopaswa kumwambia mapema, kwamba huyu mzee hajawahi kula chenye roho, na kwamba tangu siku ile jogoo amekula kabla yake. Mama akavuta kipande cha gogo akakaa karibu naye. Hawakuwa na lugha ya kutosha kati yao. Walikaa kimya, kimya kile cha kanisani kwetu, muda mrefu mpaka Juma akaacha kuranda, nami nikaacha. Mwishowe mama akanyanyuka, akampa Bapa mkono, akaniita pembeni. "Mfanyie," akasema. "Lakini ukimaliza usipite kwa mtu, usiingie mahali. Njoo moja kwa moja. Nitakuwa njiani na maji ya kukuosha."

Nikarudi uani nikamwambia Bapa, ndiyo, nitaleta. Alishika mkono wangu akaugeuza, akaangalia kiganja kama anakagua ubao. Akasema niendelee na mlango wa watu walioagiza, siku yao ya kuuchukua imekaribia.

Alikufa siku ya nane baada ya hapo, asubuhi, kikopo cha shaba kikiwa kimejaa pembeni ya kitanda. Kabla ya chochote nilitoka nacho uani nikalimwagia jua maji yake. Sikujua maneno, nikasema ya babu. Kasisi alifika kutoka Kisumu saa sita, mtu mnene, mpole, na Wahindi wanne wa mji. Aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Kabla sijajibu Juma akasema, "Huyu ni mtoto wake." Kasisi aliniangalia, nywele zangu, pua yangu, akasema sawa, anyolewe. Wakaninyoa kichwa chote uani pale. Hata sisi tunanyoa mtu akifiwa, kwa hiyo wembe ulipogusa nikajua kweli nimefiwa. Juma akaleta patasi na nyundo tukaanza kulivunja lile sanduku. Halikukubali. Pembe tulizozishikanisha zilikataa kuachana, na ilitubidi tulipasue kwa shoka, na kila pigo Juma akinong'ona Mungu amsamehe.

Kiwanja chao cha kuchomea kilikuwa chini kando ya mto. Nilipanga kuni mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyejua mbao pale kama mimi: miti laini chini ishike haraka, migumu katikati, na mvule wa sanduku juu yake na pembeni, kile kifuniko cha maua kifuani kwake. Wakamwagia samli. Kasisi akaniwekea mtungi wa maji begani, nikazunguka mara tatu, na kila mzunguko aliutoboa kwa jiwe, maji yakichirizika nyuma yangu. Halafu akaniambia niuachie uanguke nyuma yangu uvunjike, niwashe, niende. "Usigeuke," akasema. "Ukigeuka utamvuta arudi. Mwachie aende."

Nikauachia. Nikasikia umevunjika. Nikashika moto kwa mkono huu ninaoandikia, nikawasha, na mvule ukadaka kwa harufu ile ile ya karakana asubuhi. Nikaanza kutembea. Nyuma yangu moto ulipata sauti, na Juma akasema kitu kwa Kiarabu, na shingo yangu iliuma kwa kutaka kugeuka. Nilipanda mteremko mpaka barabarani. Nikapita nyuma ya soko, na mlango wa karakana ulikuwa wazi kama tulivyouacha, yule jogoo amesimama kizingitini. Ndani, upande wa mlango, niliona kwa pembe ya jicho meza yangu, na juu yake randa, na maranda ya jana bado yametoka mdomoni mwake, ya mlango wa watu ambao sikuumaliza. Kasisi aliniambia nisigeuke. Hakuniambia mpaka wapi. Nikaiacha randa pale, nikashika njia ya Sigalagala, kichwa kinapigwa na jua, na katika karakana ile sijarudi tena.